Cheti cha EPC na ruzuku za kuboresha nyumba Uingereza: mwongozo kamili

Kila nyumba inayouzwa au kupangishwa nchini Uingereza hutakiwa kuwa na cheti cha nishati kinachoitwa EPC. Cheti hicho kina herufi moja kubwa, kuanzia A hadi G. A ni nyumba inayotunza joto na kula nishati kidogo, G ni nyumba inayovuja joto kila upande. Wengi wetu huonyeshwa cheti hicho siku ya kusaini mkataba, tukakitia kwenye bahasha pamoja na karatasi nyingine na tusikitazame tena. Halafu Januari inaingia, bili inakuja, watoto wanalala na masweta, na hakuna anayekumbuka kwamba karatasi ileile ndiyo inayoweza kufungua mlango wa ruzuku ya maelfu ya pauni.

Mwongozo huu ni wa Waswahili wanaoishi Uingereza, wenye nyumba na wapangaji, na pia wa kijana anayemsaidia mama au bibi yake kujaza fomu. Sehemu kubwa inahusu England, kwa sababu Uskoti, Wales na Ireland Kaskazini zina mipango yao, nami nitaigusa kwa ufupi. Nitakaa zaidi kwenye kukisoma cheti na kukusanya ushahidi. Mtu anayekijua cheti chake ni vigumu kudanganywa mlangoni.

Hatua ya 1: Kitafute cheti, usisubiri kupewa

Vyeti vya England, Wales na Ireland Kaskazini vimo kwenye rejista ya wazi katika tovuti ya serikali, GOV.UK. Andika "find an energy certificate", ingiza postikodi, chagua namba ya nyumba, na cheti kinafunguka. Ni bure na huhitaji kujisajili. Hakuna anayekuuliza wewe ni nani wala una viza gani.

Kwa kuwa rejista iko wazi, unaweza kuangalia nyumba yoyote kabla hujalipa hata pauni moja ya amana. Ukiwa unatafuta nyumba ya kupanga, fanya hivyo kila mara. Wakala atakuambia nyumba ina "joto zuri", lakini cheti kitakuambia kuta zake hazina kinga yoyote ya kuzuia joto lisitoke na maji ya moto yanachemshwa kwa umeme.

Cheti hudumu miaka 10. Ukikuta kimeisha muda, au nyumba haina kabisa, angalia hali yako. Mwenye nyumba anayepangisha nyumba nzima au fleti anatakiwa awe nacho kabla ya kuitangaza, na ampe mpangaji nakala bure. Ukikodi chumba kimoja tu katika nyumba ya kushirikiana, chumba chako peke yake hakihitaji cheti. Ukiwa ni mwenye nyumba, mkaguzi aliyeidhinishwa hutoza kwa kawaida kati ya pauni 60 na 120. Usikimbilie kumlipa kabla hujasoma hatua ya 4, na kabla hujauliza kama mpango wa ruzuku utaleta mkaguzi wake.

Hatua ya 2: Kisome mstari kwa mstari

Nyuma ya herufi kuna alama kuanzia 1. A ni 92 na kuendelea, B ni 81 hadi 91, C ni 69 hadi 80, D ni 55 hadi 68, E ni 39 hadi 54, F ni 21 hadi 38, na G ni 1 hadi 20. Iangalie alama, usiishie kwenye herufi. Nyumba yenye 68 na nyumba yenye 55 zote zinaitwa D, lakini ya kwanza imebakiza alama moja kuingia C, na ya pili ikishuka alama moja inakuwa E.

Alama hii haipimi bili yako wewe. Hesabu yake huchukulia kwamba nyumba inakaliwa na watu wa kawaida wanaopasha sebule hadi nyuzi 21, kisha hukadiria gharama ya nishati kwa kila mita ya eneo. Ndiyo maana bibi anayekaa na blanketi na kuwasha redieta saa moja tu jioni hapati alama nzuri kwa kubana kwake. Ndiyo maana pia fleti ndogo yenye hita za umeme hupata herufi mbaya kuliko fleti ya jirani yenye boila ya gesi, hata kama kuta zao ni zilezile: umeme ni ghali kuliko gesi, na hesabu inafuata bei.

Chini ya herufi utakuta mistari inayoeleza kuta, paa, madirisha, chombo kikuu cha kupasha joto, vidhibiti vyake, maji ya moto, taa na sakafu. Kila mstari una maelezo na hukumu yake, kuanzia "very poor" hadi "very good". Chukua mfano wa nyumba ya safu ya matofali iliyojengwa mwaka 1905, aina ambayo imejaa katika miji mingi wanakoishi watu wetu. Mstari wa ukuta utasomeka: "Solid brick, as built, no insulation (assumed)". Yaani ukuta ni wa tofali tupu, uko kama ulivyojengwa, hauna kinga ya joto, na neno la mwisho linasema kwamba hayo yamedhaniwa.

Hilo "assumed" lisikupite. Linamaanisha mkaguzi hakuona ushahidi, kwa hiyo alijaza kile ambacho nyumba za umri ule huwa nacho. Inawezekana aliyeishi hapo kabla yako aliweka kinga upande wa ndani wa ukuta miaka 12 iliyopita, akalipa pesa nyingi, na cheti bado kinasema hakuna kitu. Kwa mkaguzi, kinga isiyoonekana na isiyo na karatasi haipo. Chukua kalamu ukizungushie duara kila mstari wenye neno hilo. Hiyo ndiyo orodha yako ya kazi kwa hatua inayofuata.

Kisha shuka kwenye sehemu ya mapendekezo. Kila pendekezo lina makadirio ya gharama, makadirio ya pesa utakazookoa kwa mwaka, na alama ambayo nyumba ingefikia. Makadirio hayo hutumia bei za wakati cheti kilipotolewa, kwa hiyo cheti cha mwaka 2017 kina namba za mwaka 2017. Usizifanyie bajeti. Zitumie kuona mpangilio tu: nini kinakuja kwanza, nini kinapandisha alama nyingi, na nini ni gharama kubwa kwa faida ndogo.

Mwishoni kuna jina la mkaguzi na taasisi iliyomwidhinisha. Ukiona kosa la wazi, kwa mfano kimeandikwa madirisha ya kioo kimoja na yako ni ya vioo viwili, mwandikie mkaguzi kwanza. Asipojibu, peleka malalamiko kwa taasisi hiyo.

Hatua ya 3: Ijue nyumba yenyewe

Kabla mtu hajakuuzia chochote, jua ukuta wako ni wa aina gani. Toka nje uangalie matofali mahali ambapo hayajapakwa plasta wala rangi. Ukiona matofali yote yamelala kwa urefu, safu juu ya safu, huenda ukuta una tabaka mbili na uwazi katikati. Ukiona tofali refu, kisha kichwa cha tofali, kisha refu tena, huo ni ukuta mmoja mzito usio na uwazi. Pima pia unene penye mlango au dirisha: ukuta wenye uwazi kwa kawaida huzidi sentimita 26, na wa tofali tupu huwa chini ya hapo. Nyumba za kabla ya miaka ya 1920 nyingi ni za tofali tupu.

Tofauti hiyo ni kubwa kwa pesa na kwa usumbufu. Ukuta wenye uwazi hutobolewa matundu madogo kutoka nje na kujazwa kinga, kazi ambayo mara nyingi huisha siku moja. Ukuta wa tofali tupu lazima ubandikwe kinga upande wa nje au wa ndani, kazi ya siku nyingi inayogusa madirisha, mabomba ya mvua, soketi na kila pembe.

Panda darini ukiwa na rula. Kinga ya pamba ya madini inayopendekezwa ni unene wa milimita 270. Ukikuta tabaka jembamba la rangi ya njano lililobanana, lenye kama milimita 100, una nafasi ya kuongeza, na hiyo ni miongoni mwa kazi za bei nafuu zenye faida. Kanyaga kwenye mbao tu, maana kati ya mbao na mbao kuna dari nyembamba isiyobeba mtu.

Akija mtu akitaka kupulizia povu upande wa ndani wa paa, mkatalie mpaka upate ushauri wa mtu asiyeuza povu. Benki nyingi husita kutoa mkopo wa nyumba kwa nyumba yenye povu hilo kwa sababu linaficha hali ya mbao, na kulitoa ni gharama yako.

Hatua ya 4: Kusanya ushahidi kabla ya ukaguzi

Hii ndiyo kazi ambayo watu huiruka, na ndiyo inayobadilisha matokeo. Tafuta risiti na mikataba ya kazi zote zilizofanywa. Tafuta cheti cha madirisha, mara nyingi cha FENSA. Dhamana ya kinga ya ukuta, ambayo kwa kuta zenye uwazi huwa ya CIGA na hudumu miaka 25. Vyeti vya idhini ya ujenzi kutoka kaunsili kama kuna chumba kilichoongezwa. Na karatasi ya boila yenye jina na modeli. Kama uliinunua nyumba, karatasi hizi huenda zimelala kwenye faili la wakili wako.

Siku ya ukaguzi, mkaguzi hupima vyumba, hupiga picha, na hutazama dari, boila, tangi la maji ya moto, redieta, madirisha na taa. Kama mlango wa darini umezibwa na masanduku ya nguo za kutuma nyumbani, hatayahamisha. Ataandika dhana. Safisha njia ya kufika darini, kwenye boila na kwenye kabati la tangi, na karatasi zako ziwe mezani. Taa zako ziwe za LED, maana zinahesabiwa. Tangi la maji ya moto lisilo na koti livishwe koti la milimita 80, linalouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi.

Kuna watu watakaokushauri ufiche mambo ili herufi ishuke na upate ruzuku. Usithubutu. Hiyo ni kudanganya serikali, na mpango ukikagua baadaye, jina lililo kwenye fomu ni lako.

Hatua ya 5: Chagua ruzuku inayokufaa

Kwa England, mpango wa kuanza nao ni Warm Homes: Local Grant, ulioanza Aprili 2025 na kupangwa kuendelea hadi Machi 2028. Unaendeshwa na kaunsili. Nyumba inatakiwa iwe na herufi D, E, F au G, na iwe ya mtu binafsi, ama anaishi mwenyewe ama ameipangisha. Nyumba za kaunsili na za mashirika ya makazi zina mfuko mwingine, unaoombwa na shirika na si na mpangaji.

Upande wa kipato kuna njia tatu, na inatosha kupita moja. Ya kwanza ni anwani: ukiishi kwenye postikodi iliyoorodheshwa kuwa ya eneo lenye kipato cha chini, postikodi yenyewe inakubeba. Ya pili ni benefiti: mmoja wa wakaaji akipokea msaada unaotolewa kwa kuangalia kipato, kama Universal Credit au Pension Credit. Ya tatu ni kipato cha kaya kisichozidi pauni 36,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Kwa kaya kubwa, baada ya kuhesabu gharama ya makazi, kima hicho kinaweza kuwa juu zaidi. Familia yenye watoto wanne na kodi kubwa isijiondoe yenyewe kwa kuona 36,000. Iombe, ihesabiwe.

Ukikubaliwa, mpango unaweza kugharamia hadi pauni 15,000 za kinga, madirisha, milango na vitu vya aina hiyo, na hadi pauni nyingine 15,000 za mfumo wa kupasha joto usiotumia gesi wala mafuta. Hiyo haina maana kwamba kila nyumba itapata 30,000. Kinacholipwa ni kazi ambazo ukaguzi umeona zinafaa, na pesa hazipiti mkononi mwako.

Ruzuku ya pili ni Boiler Upgrade Scheme, ya England na Wales, ambayo haiangalii kipato wala herufi. Tangu Oktoba 2023 inatoa pauni 7,500 kwa anayeondoa boila ya gesi, mafuta au hita za umeme na kuweka pampu ya joto inayovuta joto la hewani au ardhini. Fundi aliyesajiliwa na MCS, mfumo wa kuidhinisha mafundi wa vifaa hivi, ndiye anayeomba kwa Ofgem, msimamizi wa soko la nishati, kisha anakupunguzia bei hiyo kwenye makadirio yake. Sharti la zamani la kumaliza kwanza mapendekezo ya kinga ya dari na ya ukuta liliondolewa Mei 2024.

Hata hivyo, kwa nyumba inayovuja, mimi ningeanza na kinga. Pampu nzuri hutoa uniti kama tatu za joto kwa kila uniti moja ya umeme, lakini katika miaka ya karibuni uniti ya umeme imekuwa karibu mara nne ya uniti ya gesi. Fanya hesabu hiyo kabla ya kushawishika na ahadi za bili kushuka nusu. Anayetoka kwenye hita za umeme ataona nafuu kubwa. Anayetoka kwenye boila mpya ya gesi anaweza asione tofauti bilini. Muulize fundi hesabu ya upotevu wa joto chumba kwa chumba. Akikosa hiyo, tafuta mwingine. Uliza pia tangi la maji ya moto litakaa wapi, kwa sababu wengi waliondoa tangi walipoweka boila ndogo ya ukutani na kabati lile sasa limejaa mchele na mafuta ya kupikia.

Mpango wa ECO4, ulioanza 2022 na kulipiwa na kampuni za nishati, unafikia ukingoni mwaka 2026. Ukisikia mtu bado anautangaza, uliza tarehe ya mwisho kwa maandishi. Kwa anayejilipia mwenyewe, kodi ya VAT kwenye kuweka kinga, pampu za joto na sola za nyumbani ni asilimia 0 hadi 31 Machi 2027. Fundi anayekuongezea asilimia 20 kwenye kazi hizo aulizwe sababu. Na hata kama nyumba haitaguswa, mwenye benefiti zinazoangalia kipato aulizie Warm Home Discount, punguzo la pauni 150 kwenye bili ya umeme.

Neno kwa walio na viza yenye sharti la kutotumia fedha za umma: kutazama cheti, kuagiza EPC na kudai haki za mpangaji hakugusi sharti hilo. Usiombe benefiti ili tu upite njia ya pili, na kabla ya kusaini fomu yoyote ya ruzuku, ipeleke kwa mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Katika kaya yenye hati mchanganyiko, ushauri huo ni wa lazima.

Uskoti ina rejista yake ya vyeti, na mlango wa kuingilia ni Home Energy Scotland. Huko, pamoja na ruzuku ya hadi pauni 7,500 kwa pampu ya joto (9,000 vijijini na visiwani), kuna mkopo wa serikali usio na riba. Kwa Muislamu ambaye amekuwa akikwepa mikopo ya benki, hilo ni jambo la kulifuatilia. Wales wanao mpango wa Nest. Ireland Kaskazini haimo kwenye Boiler Upgrade Scheme, kwa hiyo anayeishi Belfast aanzie kwa kaunsili yake.

Hatua ya 6: Kama umepanga

Mpangaji anaweza kuomba Local Grant, lakini mwenye nyumba lazima akubali kwa maandishi. Wenye nyumba wengi hukataa kwa sababu hawajui kwamba nyumba yao ya kwanza katika mpango hugharamiwa yote. Zinazofuata ndizo wanazochangia nusu. Mwandikie kwa adabu, mtajie jambo hilo, na umwambie thamani ya kazi inabaki kwake. Mtajie pia kwamba serikali imeshatangaza nia ya kupandisha kiwango cha chini cha nyumba za kupangisha hadi C ifikapo 2030. Ni heri atengeneze sasa kwa pesa za ruzuku kuliko baadaye kwa zake.

Nyumba ikiwa na F au G, hali ni nyingine. Tangu 1 Aprili 2018 ni marufuku katika England na Wales kutoa mkataba mpya kwa nyumba kama hiyo, na tangu 1 Aprili 2020 hata mikataba iliyokuwapo inahusika. Mwenye nyumba ametakiwa kutumia hadi pauni 3,500 kuitoa huko, isipokuwa ameandikisha msamaha kwenye rejista ya serikali, ambayo nayo iko wazi kwa umma. Kaunsili inaweza kumtoza hadi pauni 5,000 kwa nyumba moja. Piga picha za kuvu na unyevu zenye tarehe, hifadhi ujumbe wote uliomwandikia, kisha wasiliana na idara ya makazi ya kaunsili. Wanaopanga kwa kaunsili au shirika la makazi wana ulinzi zaidi tangu 27 Oktoba 2025 kupitia Sheria ya Awaab, iliyopewa jina la Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili aliyefariki Rochdale mwaka 2020 baada ya kuishi kwenye fleti yenye kuvu. Sheria hiyo inawawekea muda maalumu wa kuchunguza na kushughulikia unyevu na kuvu.

Hatua ya 7: Kuanzia fomu hadi fundi kuondoka

Omba kupitia GOV.UK au moja kwa moja kwa kaunsili, si kupitia mtu aliyegonga mlango. Andaa kitambulisho, uthibitisho wa anwani, wa kipato au benefiti, na wa umiliki au idhini ya mwenye nyumba. Ikiwa ni fleti yenye umiliki wa muda, paa na kuta za nje huenda si zako, kwa hiyo idhini ya mmiliki wa jengo itafutwe mapema.

Ukaguzi wa mpango wa ruzuku ni mrefu kuliko wa EPC. Mkaguzi ataangalia unyevu, nyufa, mifereji na jinsi hewa inavyotoka na kuingia. Mweleze jinsi mnavyoishi kweli: mko watu wangapi, nguo mnaanika wapi, mnachemsha makande saa ngapi. Kila sufuria inayochemka bila kifuniko inatupa maji hewani, na nyumba ikishazibwa upepo bila kupewa njia nyingine ya hewa, maji hayo yanaishia kwenye pembe baridi nyuma ya kabati. Feni za jikoni na bafuni, vitundu vya juu ya madirisha na uwazi chini ya milango ni sehemu ya kazi. Mkandarasi akitaka kuviruka, kataa. Na ninyi wenyewe msivizibe kwa gazeti baridi ikija. Wala msiingize jiko la mkaa ndani hata usiku mmoja. Kaboni monoksidi haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

Kabla ya kusaini, tafuta jina la kampuni kwenye tovuti ya TrustMark, rejista ya mafundi walioidhinishwa, uipigie simu kwa namba iliyoko hapo badala ya ile iliyo kwenye kipeperushi. Kazi ya ruzuku inatakiwa kufuata viwango vya PAS 2030 na PAS 2035, na anatakiwa kuwapo mratibu asiyekuwa fundi. Uliza jina lake. Anayetaka ada ya "kushughulikia maombi" kwa kazi inayolipiwa yote na ruzuku, mfungie mlango. Mkataba uliosainiwa nyumbani kwako kwa kawaida una siku 14 za kubadili mawazo.

Nasisitiza hili kwa sababu ya yaliyotokea. Oktoba 2025, ofisi ya taifa ya ukaguzi, NAO, ilieleza kwamba asilimia 98 ya nyumba zilizowekewa kinga ya nje ya ukuta chini ya ECO4 na mpango mwenzake zilikuwa na kasoro za kurekebishwa, na kwa kinga ya ndani ya ukuta ni asilimia 29. Kasoro hizo ndizo zinazoruhusu mvua kuingia nyuma ya kinga na kuozesha ukuta. Kwa hiyo kazi ikiendelea, toka nje kila jioni upige picha: chini ya madirisha, pale bomba la mvua linapopita, pale paa linapokutana na ukuta, na mstari wa chini karibu na ardhi. Kinga isiguse udongo. Mianya isiachwe. Ukiona kitu kimezibwa kwa silikoni peke yake pale panapotakiwa bati au kingo, uliza siku hiyohiyo, kwa maandishi.

Usisaini fomu ya kukamilika kazi mpaka umepewa dhamana yenye jina na anwani yako, maelezo ya kutumia feni na vidhibiti, na umeonyeshwa kila kitu kinavyofanya kazi. Mtoto wako akiwa ndiye mkalimani, mwambie aulize tena hadi nawe uelewe. Kisha tafuta anwani yako kwenye rejista uone kama cheti kipya kimeingia, na ukisome kama ulivyosoma kile cha kwanza. Mstari wa ukuta ukiwa bado una neno "assumed", mpigie mratibu. Kasoro ikijitokeza, mwandikie mkandarasi kwanza, ukishindwana naye uende TrustMark, kisha kwa mtoa dhamana, na kila barua iende na zile picha zako za jioni.